Raba za kuanza kutembea ukiwa na miaka 58
Mama, kama kisigino tayari kinauma asubuhi, usiende kutembea msitu wa Karura na hizo raba bapa. Mafuta yaliyo chini ya kisigino hupungua kadiri umri unavyosonga, hivyo kiatu ndicho cha kupunguza kishindo. Soko la mitumba la Gikomba utapata nzuri, ila zikague. Bonyeza sehemu ya nyuma inayoshika kisigino: isibonyee. Kunja raba yenyewe: ijikunje penye vidole, si katikati. Sponji iliyo juu ya soli ikiwa imekauka au ina mikunjo, iache raba hiyo hata kama soli inang'aa. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi zako, ukibakisha upana wa kidole gumba cha mkono mbele. Una kisukari? Muone daktari kwanza.