Biashara iliyodumu na biashara endelevu
Ndugu yangu wa Sikonge, umeuliza iwapo biashara yako ya asali inastahili kuitwa ujasiriamali endelevu kwa kuwa imedumu miaka sita na faida haijapungua. Kudumu peke yake hakutoshi. Kinachoutofautisha ujasiriamali huo ni kwamba faida, mazingira na maisha ya watu huingia katika hesabu moja tangu mwanzo, wala si msaada unaotolewa baada ya mapato kupatikana (huo ni ukarimu, nao ni mwema). Itazame mizinga ya magome wanayotumia warina asali wako: myombo, mti unaotoa magome hayo, ukibanduliwa gome kuzunguka shina lote hukauka, na nyuki wakakosa maua yaleyale yanayokupa asali. Wakopeshe mizinga ya mbao, ukikata deni kidogo kidogo katika kila ndoo wanayokuletea.