Kuhusu kununua bastola baada ya wakala mwenzio kuvamiwa

Pole sana, mdogo wangu. Umeuliza kama ununue bastola, maana wakala mwenzio wa pesa hapo Mbagala kavamiwa na watu wenye bunduki. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inaruhusu raia kumiliki, mradi apate leseni na cheti cha kuthibitisha kwamba anajua kuitumia.

Ila nakusihi, usiinunue. Agosti 25, 2021, karibu na Ubalozi wa Ufaransa hapa Dar, mtu mmoja aliwaua askari polisi 3 na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi. Askari wale walikuwa na mafunzo, na bado akapora bunduki za polisi. Wewe umekaa kibandani, mikono yote miwili inahesabu noti, wateja wamebanana dirishani, mama na mtoto mgongoni. Risasi yako itampata nani?

Funga kabla giza halijaingia. Keshi iliyozidi ipeleke benki mchana, tena usizoee njia moja. Wakikuvamia, toa pesa, lala chini, usiwakodolee macho. Wakishaondoka ndipo upige 112. Na kijana anayekusaidia mweleze hayohayo leo, asije akajitia ushujaa.