Maswali ya Wasomaji: Mawe, Basi na Masomo

Swali: Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa jiolojia ninayekwenda chuoni kwa basi kila siku, na mwishoni mwa juma hupanda vilima nikiokota mawe. Je, mapenzi haya yanaweza kunifaa masomoni bila kunielemea kwa mizigo?

Jibu: Yanaweza, ndugu msomaji, mradi utegemee daftari kuliko nyundo. Lenzi ya mkononi inayokuza mara 10 huingia mfukoni, na ukiwa nayo pamoja na kisu kidogo utatofautisha madini mawili, kwatzi na kalisaiti, papo hapo, kwa kuwa kalisaiti, yenye ugumu wa 3 katika kipimo cha ugumu wa madini cha Friedrich Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, hukwaruzwa na ncha ya kisu, ilhali kwatzi, yenye ugumu wa 7, hubaki salama, pengine na alama ya chuma inayofutika kwa kidole. Chunguza uso uliovunjika karibuni, maana uso uliokaa juani na mvuani hudanganya rangi. Andika pia mahali ulipoliokota jiwe na mwelekeo wa tabaka la mwamba. Bila hayo, jiwe ni pambo tu. Ndani ya basi pitia maandishi hayo, kwani kuchora katika gari linaloyumba ni kazi bure. Kwenye maeneo ya hifadhi, omba kibali kabla ya kuokota chochote.