Kwa nini nimonia inamrudia mwanangu mwenye drepanositozi?

SWALI: Bwana Daktari, ninakusalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, hapa Kadutu, Bukavu. Mdogo, mwenye miaka 3, ana ugonjwa wa seli mundu, ule tunaouita drepanositozi, na amekwisha kulazwa mara mbili kwa nimonia, ilhali kaka yake, anayelala naye kitanda kimoja, haugui hivyo. Muuguzi aliniambia kwamba vijidudu hivyo vina koti. Koti gani hilo? Na kwa nini nimpe penisilini kila siku hata akiwa mzima?

JIBU: Mama, muuguzi alikuambia kweli. Bakteria aitwaye pneumokoki, ambaye ndiye chanzo kikubwa cha nimonia kali kwa watoto, amezungukwa na tabaka nene la sukari zilizoungana kama nyuzi ndefu, na tabaka hilo huitwa kapsuli. Mwaka 1928, huko London, mtaalamu wa bakteria Frederick Griffith alionyesha kwamba panya waliodungwa pneumokoki wenye kapsuli walikufa, na waliodungwa wasio nayo walipona.

Kapsuli haimuumizi mtu. Kazi yake ni kuficha. Bakteria anapoingia katika damu, protini zetu za ulinzi humgandia ili chembe nyeupe za damu zipate mahali pa kumshika na kummeza, lakini protini hizo hutua chini ya kapsuli, kwenye ukuta wa bakteria, ambako chembe nyeupe haiwezi kuzifikia. Umewahi kushika kambale mzima kwa mikono mitupu? Unambana, naye anateleza kwa ule ute wake, mpaka umpake majivu. Majivu ya mwili ni kingamwili, ambazo hushika kapsuli yenyewe, kwa nje, na hapo chembe nyeupe humkamata.

Shida ni kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 hutengeneza kwa shida kingamwili dhidi ya sukari tupu. Ndiyo maana katika chanjo ya pneumokoki, inayotolewa Kongo katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, sukari hiyo imefungwa kwenye protini, ambayo mwili mchanga huitambua vizuri. Hata hivyo, aina za kapsuli zinazojulikana ni zaidi ya 90, na chanjo hufundisha chache tu kati yake.

Pale kingamwili zinapokosekana, wengu (bandama) ndio hubaki kuchuja damu polepole na kuwanasa bakteria walioponyoka kwingine. Kaka yake anao wengu mzima. Kwa mdogo, chembe nyekundu zenye umbo la mundu huziba mishipa midogo ya wengu tangu uchanga, hadi ukashindwa kazi. Usijilaumu kwa chakula wala kwa baridi ya usiku.

Penisilini inaziba pengo hilo, kwa kuwaua bakteria kabla hawajawa wengi. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986, watoto wadogo wenye drepanositozi waliokunywa penisilini mara mbili kwa siku walipata maambukizi makali ya pneumokoki pungufu kwa asilimia 84. Kwa hiyo usiruke dozi, mpe kwa kawaida mpaka atimize miaka 5, na joto lake likifika nyuzi 38.5 mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na hata kama anacheza.