Gemu la magari na kijana wa kwaya

SWALI: Shikamoo anti. Mwanangu ana miaka 13, anaimba kwaya, sasa kila akitoka shule anapitia banda la gemu hapa Mwanga, Kigoma, anasema anacheza "la magari" tu. Nimwache?

JIBU: Marahaba mama. La magari lipi? Maana hata GTA V lina magari, ila mle unamshusha dereva kwa ngumi unasepa na gari lake, matusi kibao na klabu ya wacheza uchi, ndo maana tangu litoke 2013 kasha lake la Ulaya lina namba 18, yaani ni la wenye miaka 18 kwenda juu. Gemu la mpira la FIFA wameandika 3. Bandani kasha hulioni, kwa hiyo nenda mwenyewe, kaa kwenye benchi nusu saa uangalie skrini. Mi mlokole na FIFA nacheza, mpwa wangu ananifunga kila siku.