Maswali na Majibu: Vifaa vya Kinga vya Hoki Vibadilishwe Lini?

SWALI: Helmeti yangu ya hoki ya barafuni haina ufa hata mmoja. Mbona mwalimu wangu anasema imekwisha muda wake?

JIBU: Ganda la nje peke yake halikulindi. Linalopunguza nguvu ya pigo zaidi ni sponji iliyo ndani, nayo huchakaa taratibu pasipo mwenyewe kutambua, kwa sababu jasho, joto la mahali inapohifadhiwa na mapigo madogo madogo ya mazoezi huifanya ikauke na kuwa ngumu, au ibonyee isirudi tena. Ibonyeze kwa kidole gumba sehemu mbalimbali: ikibaki na shimo, ikipukutika au ikibanduka kwenye ganda, helmeti hiyo haifai. Kisha tazama kibandiko cha uthibitisho. Helmeti zinazothibitishwa na HECC, baraza la Marekani linalohusika na vifaa vya hoki, hupewa miaka 6 na nusu tangu zilipotengenezwa, wala si tangu siku uliyonunua, jambo ambalo wanunuzi wa vifaa vilivyokwisha tumika hulisahau mara nyingi mno. Na kama umepata pigo zito la kichwa ukiwa umeivaa, ibadilishe hata kama ni mpya, kwani ufa unaweza kufichwa na sponji. Hata hivyo, helmeti iliyo nzima kabisa haizuii kila mtikisiko wa ubongo. Ukihisi kizunguzungu au kichefuchefu baada ya kugongwa, toka uwanjani kwanza ukaonwe na daktari, habari za vifaa zitafuata.

SWALI: Mwanangu anakua haraka. Je, nimnunulie vifaa vikubwa avitumie misimu miwili?

JIBU: Naelewa mzigo wa gharama alio nao mzazi, lakini kwa hili sikubaliani nawe. Kinga iliyo kubwa huzunguka au kuteleza, na pigo likifika hukuta mwili mtupu. Mvalishe vifaa vyote pamoja na viatu vya kutelezea, kisha mwambie apige magoti, ainue mikono na kujikunja kama anayepiga kisahani kinachochezewa hoki ya barafuni. Kikombe cha kinga ya ugoko kikae katikati ya goti, na ncha yake ya chini ifike kwenye kiatu. Kati ya glavu na kinga ya kiwiko pasibaki mkono ulio wazi. Mpime hivyo mwanzoni mwa msimu na tena katikati, kwa kuwa mtoto hasubiri msimu uishe ndipo arefuke.

SWALI: Viganja vya glavu zangu vimetoboka. Nizitupe?

JIBU: Si lazima. Ikiwa sponji ya mgongo wa mkono ingali imara na kidole gumba hakipindi kwa nyuma, fundi anaweza kushona viganja vipya.

SWALI: Na kinga ya meno?

JIBU: Kila msimu, na mapema zaidi ikiwa imetafunwa, imechanika au haishiki tena. Mtoto anayeota meno mapya ataihitaji mpya mara nyingi zaidi.

SWALI: Kinga yangu ya shingo imelegea kwa kufuliwa. Naweza kuendelea nayo?

JIBU: Hapana, na naomba usiahirishe. Mnamo Oktoba 2023 mchezaji Adam Johnson alifariki dunia baada ya kukatwa shingoni na chuma cha kiatu cha kutelezea katika mechi iliyochezwa Sheffield, Uingereza, na baadaye shirikisho la kimataifa la mchezo huu, IIHF, liliifanya kinga ya shingo kuwa lazima katika mashindano yake. Kitambaa kisichokatika kwa urahisi husaidia pale tu kinapokaa juu ya ngozi. Mpira wake ukilegea, hushuka na kuacha koo wazi. Nyuzi zikiwa zimekatika au kifungio hakishiki, nunua nyingine kabla ya mazoezi yajayo, na uifue kwa kufuata maelekezo ya lebo yake.