Bunduki ya kwanza ya kuwindia pongo na swala: .243, .308 au .375?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Muheza. Maombi yangu ya leseni ya kumiliki bunduki yamefika pazuri, sasa nataka kujua ninunue ipi. Nia yangu ni kuwinda pongo, tohe na swala pala kwa kibali, na Mungu akijalia siku moja nipate kuro. Rafiki mmoja ananiambia .243 kwa sababu haiumizi bega. Mwingine anasema nichukue .375 nimalize kazi zote kwa bunduki moja. Mimi nimezoea bunduki ya marisau ya baba tu. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Chukua .308 Winchester (namba hizi zinataja kipenyo cha risasi kwa inchi). Kama duka lina .30-06 tu na risasi zake zinapatikana mwaka mzima, hiyo nayo haitakuangusha, maana zote mbili zinarusha kichwa (kile kipande cha risasi kinachoruka) cha kipenyo kilekile, milimita 7.82. Tofauti ni ganda la risasi, lile linalobeba baruti: la .308 lina urefu wa milimita 51, la .30-06 milimita 63. Kwa hiyo usije ukachanganya risasi zake. Maandishi ya kwenye boksi na yaliyochongwa kwenye mtutu lazima yafanane, herufi kwa herufi.

Kanuni za uwindaji za hapa nchini zinaweka .240 kuwa kipenyo cha chini kwa wanyama wa kawaida, na .375 kwa wale wa hatari kama nyati na tembo. Kwa hiyo .223 usiifikirie kabisa, na .243 inapita kwa unywele.

Hiyo .243 si bunduki mbaya. Inarusha kichwa cha gramu 6.5 kwa mwendo wa karibu mita 900 kwa sekunde, na pongo dume wa kilo 60 aliyesimama ubavu haendi mbali. Shida ni vichaka vyetu. Ukanda huu wa Pangani, Handeni na Bagamoyo una vichaka vizito, na mnyama akikimbia hatua thelathini tu humwoni tena. Hapo kinachokuongoza ni damu, na damu nzuri inatoka kwenye tundu la kutokea, upande wa pili. Kichwa chepesi cha .243 mara nyingi kinaishia ndani. Halafu umemtaja kuro. Dume lake linapita kilo 200, na likikusimamia mshazari, risasi inabidi ivunje mfupa wa bega ndipo ifike mapafuni. Kazi hiyo .308 yenye kichwa cha gramu 10.7 (boksi litaandika greni 165; greni ni kipimo cha uzito wa kichwa) inaiweza. Kwa .243 ningekuambia umwache apite.

Kuhusu .375 ninakuomba uwe mkali na rafiki yako. Kichwa chake ni gramu 19.4, na msukumo wake begani ni mara mbili ya .308 au zaidi. Mtu anayeanza nayo anajifunza kuogopa bunduki yake: anafumba macho na kuvuta kifyatulio kwa pupa kabla mlio haujatoka. Risasi inakwenda chini, inampata mnyama tumboni au mguuni, na tabia hiyo ikishaota mizizi inachukua muda mrefu kuitoa. Tena risasi zake ni ghali, kwa hiyo utafanya mazoezi kidogo na bunduki inayohitaji mazoezi mengi. Siku ukitaka nyati utaiombea leseni yake peke yake.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi dukani, nalo lina uzito kuliko kipenyo: aina ya kichwa cha risasi. Taka chenye ncha laini, kile kinachochanuka kikiingia nyamani. Risasi iliyofunikwa shaba yote, kama za kijeshi, inatoboa tundu jembamba na kupita. Mnyama anakimbia kama hajaguswa, anafia porini usimpate. Epuka pia kichwa chepesi mno chenye kasi kubwa. Huku unapiga kwa mita 40 hadi 100, na kwa umbali huo kichwa cha kasi kinapasuka mapema na bega zima linageuka damu iliyoganda, nyama ya kutupa. Na usimwamini anayekuambia kipenyo kikubwa kinapenya vijiti. Risasi yoyote ikigusa kijiti inaweza kupinda. Subiri mwanya.

Bunduki yenyewe iwe ya bolti, ile unayoikoki kwa mkono kila baada ya risasi, uzito wa kilo 3.2 hadi 3.6 bila darubini, mtutu wa sentimita 51 hadi 56. Mrefu zaidi unanasa matawi. Darubini ya kukuza mara 2 hadi 7 inatosha, na ukiingia kichakani iweke kwenye 2. Acha nafasi ya sentimita 8 au 9 kati yake na jicho, vinginevyo itakupasua nyusi.

Kulinganisha shabaha, tenga boksi moja la risasi 20 na uende kwenye uwanja unaoruhusiwa. Anza mita 25, bunduki ikilala juu ya mfuko wa mchanga, mtutu wenyewe usiguse kitu. Piga tatu, pima katikati ya matundu. Darubini nyingi zinasogeza milimita 7 kwa mita 100 kila ukisikia "tik" moja, kwa hiyo kwa mita 25 ni chini kidogo ya milimita 2: ukiwa umekosea sentimita 3, zungusha tik 16 au 17. Ukifika nusu sentimita chini ya nukta, nenda mita 100 na urekebishe hadi matundu yakae sentimita 4 juu. Hapo .308 ya greni 165 itakuwa kwenye nukta karibu mita 165, na kwa mita 200 itakuwa chini sentimita 6 hivi. Acha mtutu upoe kila baada ya risasi tatu. Ukiwa wa moto matundu yanatawanyika nawe utalaumu darubini bure.

Kwa mnyama aliye ubavu, panda kwa jicho na mguu wa mbele hadi theluthi moja ya kifua kutoka chini, upige hapo. Eneo la kufa la pongo ni kama sentimita 15 tu. Akipigwa mapafuni mara nyingi anakwenda sekunde chache kabla ya kulala, kwa hiyo ukitaka kumchinja kabla roho haijatoka, piga bismillahi kabla ya kufyatua na kisu kiwe kiunoni, si kwenye begi garini.

Pwani chumvi ya hewani inakula chuma usiku mmoja. Futa mtutu na bolti kwa mafuta mepesi kila jioni, na asubuhi pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu, kwa sababu risasi ya kwanza kwenye mtutu wenye mafuta inakwenda kando. Kitako cha mbao nacho kinavimba msimu wa masika na kugusa mtutu, shabaha inahama. Pitisha karatasi kati ya mbao na mtutu. Ikikwama, peleka kwa fundi kabla ya kwenda porini.

Kibali cha mnyama kinatoka TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) na kinataja eneo. Saadani na Mkomazi ni hifadhi za taifa, humo hakuna leseni inayokuruhusu kuwinda. Ukiwinda pembezoni mwake, ulizia mpaka wake hasa kwa askari wa wanyamapori wa eneo hilo kabla hujapakia risasi.